Hedhi, hasira na usingizi uliokatika: uanzie kwa daktari wa wanawake, kliniki ya akili au maabara?

Uchovu usioisha hata baada ya kulala. Usingizi unaokatika saa tisa usiku na haurudi tena. Hasira za ghafla kwa watoto na mume, kisha kilio. Hedhi inayokuja inapotaka yenyewe. Mwanamke wa Dodoma mwenye haya manne anaweza kupewa majina manne tofauti ya ugonjwa, kutegemea mlango aliogonga kwanza. Kwa daktari wa wanawake atapigwa altrasaundi na huenda akatoka na vidonge vya kurekebisha mzunguko. Kwenye foleni ya wagonjwa wa nje atapimwa malaria, taifodi na mkojo, na si ajabu akaambiwa ana UTI. Kliniki ya afya ya akili itasikia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Muuza dawa wa mtandaoni hatapima chochote: kwake kila kitu ni "mvurugiko wa homoni", na unga wa kuurekebisha anao.

Sisemi waganga wetu ni wazembe. Kila mmoja hutafuta kile alichofundishwa kukitafuta, na dalili hizi zinachangiwa na hali nyingi: upungufu wa damu, tezi ya thairoidi iliyo shingoni, PCOS (hali ya homoni inayovuruga ovari na hedhi), sonona, matatizo ya kabla ya hedhi, miaka ya kuelekea kukoma hedhi, hata mimba changa. Sayansi yenyewe imechelewa. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo uliowaweka wanawake wenye uwezo wa kuzaa nje ya majaribio ya awali ya dawa, na zuio hilo liliondolewa mwaka 1993 tu. PMDD, ile hali kali ya kuvurugika hisia kabla ya hedhi, iliingizwa kama ugonjwa kamili katika kitabu cha uchunguzi cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Daktari aliyehitimu kabla ya hapo huenda hakuisikia darasani hata siku moja.

Basi nimeiweka milango hiyo ubavu kwa ubavu, nikiangalia kila mmoja unaona nini vizuri na nini kinaupita.

Daftari kwanza, nauli baadaye

Kabla ya kulipa hata shilingi ya kumwona daktari, andika. Kila jioni, kwa mizunguko miwili: usingizi ulikuwaje, hasira, huzuni, wasiwasi, damu imetoka au la. Jipe alama kuanzia 1 (hakuna shida) hadi 6 (kali mno). Asiyependa kuandika achore alama kwenye kalenda ya ukutani, ile ya benki au ya kanisani, inatosha kabisa. Usisubiri mwisho wa mwezi ukumbuke, maana mtu akiwa kwenye siku mbaya hukumbuka kuwa mwezi mzima ulikuwa mbaya.

Unachotafuta ni kitu kimoja: baada ya hedhi kuisha, je, unapata wiki nzuri? Namaanisha wiki ambayo wewe ni wewe, unacheka, unapika bila kukereka, unalala.

Kama wiki hiyo ipo kila mwezi, na mambo huharibika siku kadhaa au wiki mbili kabla ya damu kisha yakatulia mara baada ya damu kuanza, hiyo ina sura ya PMDD au ya ndugu yake mdogo, usumbufu wa kawaida wa kabla ya hedhi. Kama wiki hiyo haipo, yaani huzuni ni ya mwezi mzima ila huzidi karibu na hedhi, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni sonona au wasiwasi unaochochewa na mzunguko. Tiba zake zinafanana kwa sehemu tu. Na kama hali haifuati hedhi hata kidogo, acha kuilaumu hedhi, tazama kwingine.

Aliyechoma sindano ya miezi mitatu ana kikwazo hapa, kwa sababu wengi wao hedhi hukatika. Aandike kwa tarehe tu, na aweke alama siku aliyochomwa.

Kuna wasiopaswa kusubiri daftari: mwenye mawazo ya kujiua, anayesikia sauti, na mama aliyejifungua karibuni ambaye halali kabisa, anaongea yasiyoeleweka au anamwogopa mtoto wake. Huyo wa mwisho anaweza kuwa na kichaa cha uzazi. Kinawapata mama mmoja au wawili kati ya 1,000, na ni dharura sawa na kutokwa damu. Nenda hospitali iliyo karibu usiku huohuo, na mama asiachwe peke yake na mtoto.

Daktari wa wanawake na kliniki ya akili

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Daktari wa wanawake ni chaguo bora pale kitu kilichobadilika kwanza ni damu yenyewe: hedhi inayopotea miezi mitatu, inayomwagika mno, au inayokuja mara mbili kwa mwezi, ndevu kidevuni na chunusi za ukubwani, mimba isiyoshika. Ataangalia uvimbe kwenye kizazi, ataangalia ovari, atauliza kuhusu kijiti na kitanzi. Ikiwa tatizo ni PCOS, yeye ndiye wa kulishughulikia.

Ila kuwa makini na karatasi ya altrasaundi. Mwanamke akiandikiwa "ovari zenye vifuko vingi" huondoka akiamini ana ugonjwa, na mara nyingine huanzishiwa dawa siku hiyohiyo. Vigezo vinavyotumika duniani tangu mwaka 2003 vinataka mambo mawili kati ya matatu: yai kutopevuka kwa mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye sura hiyo. Picha peke yake haitoshi. Kwa binti ambaye hajamaliza miaka minane tangu avunje ungo, altrasaundi hata haishauriwi kwa kazi hiyo, kwa kuwa ovari za umri huo kwa kawaida huwa na vifuko vingi.

Kinachompita daktari wa wanawake ni moyo wa mgonjwa. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unasema kila mwenye hali hiyo aulizwe kuhusu sonona na wasiwasi. Kliniki ikiwa na wagonjwa sitini asubuhi moja, nani ana dakika za kuuliza? Jibu linalosikika mara nyingi ni, "Punguza mawazo, mama." Kama umeambiwa hivyo, hiyo si tiba. Omba barua ya rufaa.

Kliniki ya afya ya akili, kwa upande wake, inasikiliza kile ambacho wengine wanakiruka. Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo hapahapa mjini tangu enzi za Mwingereza, miaka ya 1920. Bahati hiyo ina kivuli chake. Watoto wa mji huu wamekua wakitaniana "utapelekwa Mirembe", na mwanamke mwenye kazi yake na mume wake hataki kuonekana akishuka bajaji getini. Huduma ya nje haimaanishi kulazwa. Unaonwa, unapewa dawa, unarudi nyumbani. Na ambaye bado anaona haya anaweza kuuliza kitengo cha afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile ambayo wenyeji bado tunaiita General, ambako foleni ina kila aina ya mgonjwa.

Udhaifu wa kliniki ya akili uko kwenye kalenda. Dodoso linalotumika sana kupima sonona, PHQ-9, lina maswali tisa na linauliza habari za wiki mbili zilizopita. Wiki mbili! Mwenye PMDD akienda siku moja kabla ya damu atapata alama za kutisha. Akienda siku ya kumi na mbili ya mzunguko ataonekana mzima na kurudishwa nyumbani. Dodoso si baya, lakini halijui mwezi wako umefika wapi. Ndiyo maana daftari lina thamani kubwa kuliko maelezo ya mdomo. Mwanzoni tu sema: "Daktari, hali hii inaanza kama siku kumi kabla ya hedhi na inaisha siku ya pili ya damu. Nimeandika miezi miwili, hii hapa." Usianze na "nina mawazo sana", kwani sentensi hiyo itakupeleka kwenye maswali ya ndoa na fedha, ambayo huenda ni ya kweli lakini si hoja ya siku hiyo.

Ukija upande wa dawa, tofauti ya milango hii miwili inaonekana zaidi. Kwa PMDD, dawa za kundi la fluoksetini na setralini ndizo zenye ushahidi mkubwa, na zina jambo la ajabu: kwa sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, lakini kwa PMDD nafuu inaweza kuja ndani ya siku chache, kiasi kwamba wengine hunywa katika nusu ya pili ya mzunguko tu. Amitriptilini, dawa ya zamani iliyozoeleka katika vituo vyetu, husaidia usingizi na maumivu, lakini si chaguo la kwanza kwa PMDD. Huongeza uzito, hukausha mdomo, na ikimezwa kwa wingi ni hatari sana. Nyumba yenye mtu mwenye mawazo ya kujiua isiwe na kopo zima la dawa hiyo. Kwa upande wa daktari wa wanawake, vidonge vya majira navyo vinaweza kusaidia, hasa vyenye drospirenoni. Vingine havina msaada wowote kwa hisia, na kuna wanawake ambao huharibikiwa zaidi. Ukianzishiwa, endelea na daftari ujue uko kundi gani.

Kuna jambo linalonikera kwenye pengo hili. Dawa nyingine za kliniki ya akili zinavuruga homoni, na mgonjwa haambiwi. Risperidoni, haloperidoli na klorpromazini hupandisha prolaktini, homoni ya maziwa. Hedhi hukatika, matiti hutoa maziwa, mimba haishiki. Mwanamke huyu ataenda kwa daktari wa wanawake kama mgumba, na kama hakutaja dawa zake, atapimwa kila kitu isipokuwa chanzo. Kabamazepini hupunguza nguvu ya kijiti na vidonge vya majira, na mtu hubeba mimba huku kijiti kiko mkononi. Sindano ya miezi mitatu haiathiriwi hivyo. Valproeti inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, na Shirika la Afya Duniani halishauri itumike kwa wanawake wenye uwezo wa kuzaa. Usiache dawa yoyote kati ya hizi ghafla. Chukua maboksi yote, weka kwenye mfuko, yatue mezani kwa kila daktari unayemwona.

Daktari wa magonjwa ya ndani, na damu unayotakiwa kutoa

Huyu anasahaulika, ilhali kwa wenye dalili za mwili ndiye ningemwona kwanza. Unanenepa bila kula zaidi, choo kigumu, ngozi kavu, unasikia baridi wakati wenzako hawana sweta, hedhi nzito: tezi ya thairoidi inaweza kuwa imelegea, na ikilegea huleta huzuni inayofanana kabisa na sonona. Kinyume chake, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda, joto, usingizi hakuna: tezi imechachamaa, na mtu huambiwa ana wasiwasi au hata majini. Rovu shingoni linaweza kuwepo au lisiwepo. Kipimo cha kuanzia ni TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha tezi hiyo inafanyaje kazi, siku yoyote ya mzunguko.

Upungufu wa damu nao usipuuzwe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta zaidi ya wanne kati ya wanawake kumi wa umri wa kuzaa wakiwa nao. Mwenye damu kidogo huchoka, hukereka, hukosa pumzi akipanda ngazi, kisha anaambiwa ana msongo.

Kwa hiyo orodha yangu ya damu ni fupi: wingi wa damu, TSH, sukari, VVU, na kipimo cha mimba. Basi. Hivi vinaweza kufanyika siku moja katika hospitali kubwa kama General au Benjamin Mkapa, na matokeo yakabebwa kwa daktari yeyote.

Kifurushi cha "homoni zote" kinachouzwa na baadhi ya maabara binafsi ni habari nyingine. Homoni za hedhi hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo kipimo bila tarehe ni namba tupu. FSH na LH, homoni zinazoendesha ovari, hupimwa siku ya pili hadi ya tano ya hedhi. Projesteroni wiki moja kabla ya hedhi inayotarajiwa. Prolaktini asubuhi ukiwa umetulia. Ukiwa kwenye sindano au vidonge, matokeo hayasomeki vizuri. Na kwa mwenye PMDD fedha hiyo inapotea kabisa, kwa sababu homoni zake ni za kawaida. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walizima homoni za ovari kwa dawa, kisha wakazirudisha kwa kiwango cha kawaida. Wanawake waliokuwa na shida ya kabla ya hedhi dalili zao zilirudi. Wasiokuwa nayo hawakusikia chochote. Tatizo liko katika namna ubongo unavyopokea mabadiliko. Karatasi ya maabara itasema "kawaida" na mgonjwa ataonekana anajisingizia.

Kuhusu unga na chai za kusafisha kizazi, kutoa chango na kurekebisha homoni, nasema kwa ufupi: mtu asiyekuuliza tarehe ya hedhi yako ya mwisho hawezi kujua homoni gani ya kurekebisha. Maombi ni suala lako na imani yako, na yanaweza kukutia nguvu, ila yasikufanye utupe vidonge.

Umri unabadilisha chaguo

Aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja aanzie kliniki ya mama na mtoto, kwa kuwa anaenda hapo kupima uzito wa mtoto hata hivyo. Machozi ya siku za mwanzo hupita ndani ya wiki mbili. Yasipopita, mwombe muuguzi akuulize maswali ya Edinburgh, ni kumi tu na yalitungwa mwaka 1987 ili kubaini sonona ya baada ya uzazi. Palepale omba TSH, maana tezi huweza kuvurugika baada ya uzazi. Na kama ulivuja damu nyingi ulipojifungua, maziwa hayakutoka na hedhi haijarudi, taja mambo hayo matatu kwa pamoja, tena kwa daktari wa magonjwa ya ndani. Huenda tezi ndogo iliyo chini ya ubongo iliumia kwa kukosa damu, na bila kuunganisha hayo matatu mama anaweza kutibiwa sonona miaka na miaka bila nafuu.

Mama wa miaka 45 na kuendelea mwenye joto la ghafla, usingizi mbovu na hedhi inayoruka hahitaji kipimo cha homoni kuthibitisha; mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema umri na dalili vinatosha. Hapa kwetu ugumu ni hali ya hewa. Mwezi wa kumi nani ataamini joto lako ni la mwilini wakati mtaa mzima wa Nkuhungu hapa Dodoma unajipepea? Angalia mwezi wa saba, upepo unapovuma na kila mtu amejifunika blanketi mawili. Shangazi akiamka ameloa jasho usiku huo, si Dodoma iliyomloesha. Aanze kwa daktari wa wanawake, lakini mwenye historia ya sonona aione na kliniki ya akili mapema, kwani miaka hii huweza kuirudisha.

Ukiwa mbali na mji

Kwa anayetoka Kondoa, Chemba au Mpwapwa, safari ya mjini katika msimu wa kilimo ni gharama kubwa. Sioni sababu ya kuja kabla daftari halijajaa na kabla wingi wa damu na mimba havijapimwa hospitali ya wilaya. Upande wa Manyoni kuna St. Gaspar pale Itigi, na walio Chamwino wana hospitali ya Mvumi. Si kila kitu kinahitaji Dodoma mjini. Ukija, njoo na barua ya rufaa, na panga kutoa damu na kumwona daktari siku moja.

Lini ubadili mlango

Dawa ya sonona iliyonywewa kila siku kwa kipimo sahihi wiki sita bila mabadiliko yoyote inastahili swali: je, TSH ilipimwa? Vidonge vya majira vya miezi mitatu vilivyonyoosha hedhi lakini vikaacha hasira palepale vimemaliza kazi ya daktari wa wanawake. Beba daftari kwenye kliniki ya akili. Na dawa za malaria, taifodi na UTI zilizorudiwa mara tatu kwa uchovu uleule, bila homa, zinatosha. Mwambie daktari kwa heshima, "Naomba tuangalie na damu na tezi," kisha utulie kwenye kiti mpaka aandike.